Mpira Uliopakwa Mawese

Baba yangu, Zéphirin, alikuwa dereva wa lori la kampuni ya pamba, Kasongo kwenda Kabambare na kurudi, na alijisikia. Nasema hivyo kwa upendo, maana hata mimi nilijisikia: mwaka 1953 binti wa dereva hakuwa binti wa mtu yeyote tu. Tena mwenye kazi ya kampuni hakulazimishwa kulima pamba. Jirani zetu walilima, watake wasitake, msimamizi akipita kukagua mistari yao. Baba aliachwa. Lori lingemtoka mkononi, naye angerudi mistarini.

Basi alilitunza. Aliyoipenda zaidi ni kazi ya esuiglasi, zile fimbo mbili za kufuta mvua kwenye kioo. Akiegesha juani aliziinua, mpira usigande kwenye kioo cha moto. Jioni alizifuta kwa kitambaa chenye maji, akipitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Mipira ya zamani ilipochakaa na kuanza kuacha michirizi, alisubiri mipya miezi minne. Yakubu, mtunza depo, alipomkabidhi, baba aliichomeka mwenyewe kwenye chuma chake, hakutaka fundi aiguse.

Hapo ndipo alipokosea. Mpira mpya aliuona mkavu mno, akaupaka mawese, kila jioni, kama mama anavyompaka mafuta mtoto mchanga. Mama alimtania kwamba sisi watoto sita hatujawahi kupakwa vizuri hivyo.

Wiki mbili baadaye mvua ilimkuta kwenye mteremko, akiwa ameshapita kijiji cha Lusangi. Aliwasha esuiglasi, kioo kikashika utando mwekundu. Kadiri zilivyofuta, ndivyo alivyozidi kutoona. Lori likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila pamba ililowa yote.

Lori lilivutwa mpaka Kasongo. Mzungu mkuu wa kampuni aliushika ule mpira: umevimba, laini, unakatika vidoleni. Mafuta yaliyomshika alidhani ni grisi, akajifuta kwenye suruali. Alikata kauli palepale: Yakubu ameuza mipira mipya na kutoa mibovu, kesho asubuhi afukuzwe. Baba alikuwa amesimama karibu naye. Aliyasikia yote.

Jioni miguu ilimpeleka kwa Yakubu. Alimkuta ameketi mlangoni, anashona kandambili.

"Yakubu, uliuona ule mupira?"

"Niliushika."

"Na uliona nini?"

"Ulikuwa unanuka mawese, ndugu. Mimi pia ni mutu wa kula mboga ya mawese."

Baba alikosa pa kutazama. "Sasa mbona haukumwambia muzungu?"

"Wewe uko na watoto sita. Mimi niko na wawili, na shamba ya kaka yangu iko." Yakubu alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini wacha kupaka mupira mafuta. Unauozesha."

Baba aliniambia baadaye kwamba angependa kutukanwa. Matusi angeyajibu. Usiku ule hakula, na mama alipomuuliza, alisema tumbo.

Asubuhi aliingia ofisini kabla Yakubu hajaitwa. "Mawese ni mimi niliipaka," alisema. "Yakubu hana kosa."

Mzungu hakupiga kelele. Alimtazama, kisha akanyoosha mkono, na baba akaweka funguo pale. Yakubu alibaki na depo yake.

Baba alirudi kwa miguu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikasirika hadi nikalia. Kwa nini asinyamaze tu, kama Yakubu alivyokuwa tayari kunyamaza? Nilimwonea aibu baba yangu, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko lori lenyewe.

 Mama alimtazama mikono, akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, na lile la mpini mrefu akampa.