Kiti cha Pembeni ya Mama

Safari ile niliitaka mimi. Parokia ilipotangaza kwamba kikundi kitakwenda Tanzania na kiongozi wa watalii, kuona Mji Mkongwe wa Unguja, wanyama wa Mikumi na misheni ya zamani ya Bagamoyo, nilimwandikisha mama kabla hata hajakubali. Maisha yake yote alikuwa hajaenda mbali zaidi ya ng'ambo ya mto Ruzizi. Nami nilitaka jambo moja tu, na sioni haya kulisema: nilitaka mama awe wangu. Tangu baba afariki, anaishi Katana kwa kaka yangu, na mimi niko Nyalukemba, mjini Bukavu, na kazi ya ofisi isiyoniachia hata Jumamosi. Nilihesabu kwamba huko ugenini nitampata mzima, bila mtu wa kugawana naye.

Kisha kaka yangu akamwandikisha mke wake pia.

Asubuhi ya kuondoka, mama na wifi yangu walishuka kwenye gari wamevaa kitenge kimoja. Kwetu Bukavu watu wakigawana kipande cha kitenge na kushonesha kwa fundi mmoja, hakuna haja ya maelezo, wametangaza kwamba wao ni wamoja. Mimi nilikuwa nimevaa jinzi.

"Maman, na miye?" niliuliza, nikijifanya nacheka.

"Weye haupendake bitenge," akanijibu.

Ni kweli sivipendi. Lakini kuulizwa ningependa.

Tulipofika Tanzania, kiongozi wetu, binti wa Dar es Salaam mwenye maneno matamu, alimpokea mama kwa "Shikamoo." Mama akamjibu, "Jambo, mutoto yangu." Tulicheka wote, mpaka padri. Hata kicheko kile mama alikimalizia begani kwa wifi.

Kule Unguja ilikuwa hivyo kila kichochoro. Mama alisimama mbele ya milango ya nakshi, akapitisha viganja juu ya njumu za shaba, moja baada ya nyingine, huku wifi amemshika mkono na kumnong'oneza sikioni. Nilipowasogelea walinyamaza.

"Munasema nini?"

"Mambo ya mulango tu," wifi akasema.

Mambo ya mlango! Mimi niliyekuwa nimesoma habari za mji ule majuma mazima ili nimweleze mama yangu, niliishia kumweleza katibu wa parokia, ambaye alitaka tu kujua choo kiko wapi. Jioni nilimwomba kiongozi anilaze chumba kimoja na mama. Mama akakataa kwa upole. Alisema amezoea namna mke wa kaka yangu anavyokoroma.

Mikumi ndiko wivu uliponivua adabu. Gari lilipofunguliwa nilipanda mbio kama mtoto wa shule, nikakaa pembeni ya mama. Akanigusa paja. "Acha wifi yako akae hapa," akasema, mbele ya watu wote. Nilihamia nyuma, kwenye mizigo na chupa za maji. Tembo walikuja, wakubwa kwa wadogo, karibu kabisa na gari, na kila mtu akasimama kupiga picha. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa wifi kwenye sikio la mama. Tembo walikuwa wamekwisha kuanza kutupa mgongo ndipo mama akapaza sauti, "Yezu wangu, banyama gani hawa!" Nilimwombea wifi mbung'o amuume. Mbung'o akaniuma mimi.

Tulipofika Bagamoyo nilikuwa siongei na mtu. Kiongozi alitueleza habari za wamisionari na watumwa waliokombolewa, kisha tukaingia kanisani kusali kimya, kila mtu na nia yake. Nia yangu siiandiki. Nilikaa benchi la nyuma ya mama na wifi. Wifi hakugeuka, na mama alianza kuuliza kwa sauti ya chini.

"Na mutoto yangu, iko wapi?"

"Simuone, maman. Sasa hivi alikuwa ku mulango. Amevaa ile shemizi ya blue."

"Anacheka?"

"Hapana. Bado amenuna."

"Amekonda?"

"Ah, maman. Amenenepa."

Mama akacheka kidogo, akafanya ishara ya msalaba.

Nilibaki palepale na rozari mkononi. Tulikuwa tumekula meza moja siku zote zile, tumepanda gari moja, nimenuna mbele ya macho yake. Kwa nini aulize kama nimekonda?

Nilimngoja nje. Nikasimama mbele yake bila kusema neno, nikatabasamu kwa meno yote. Alinipita. Ilibidi nimshike mkono.

"Maman, haunioni?"

"Nakuona sawa kivuli," akasema. "Ukisema, najua ni weye."

"Juu ya nini ulimwambia yeye, miye hapana?"

"Sikumwambia. Aliona namna niko namimina chai. Akaanza kunimiminia, basi." Alitafuta uso wangu kwa kiganja, akaupata karibu na sikio. "Weye ungenipeleka ku hospitali siku ileile, na safari ingekufa. Miye nilitaka kuja."

Ni kweli ningempeleka, na nitampeleka tukirudi. Lakini pale, kwenye jua, uchungu wa macho yake haukuwa wa kwanza kunifika. Wa kwanza ulikuwa ule wa chai. Nilipokwenda Katana nilikunywa chai ile mara ngapi, simu yangu mkononi, wifi akimimina, na nikadhani anajipendekeza.

Nikamwambia wifi apumzike, nitamwongoza mimi. Nikamshika mama kiwiko mpaka kwenye msalaba ule mkubwa unaotazama bahari, nikaanza. Mbele yetu kuna msalaba. Ni mkubwa. Nyuma yake kuna bahari. Upande wa kushoto kuna wageni, kama ishirini hivi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikikauka. Mama alisikiliza kwa subira, kichwa ameinamisha, kisha akanipapasa mkono.

"Mutoto yangu, unasema sawa rapport ya ofisi. Muite wifi yako."

Nilimwita. Alikuja haraka, akiwa bado ameshika chupa yake ya maji, akasimama kulia kwa mama. Mimi nilibaki kushoto, sikuuachia mkono. Wifi akaanza kueleza, polepole, namna maji yalivyokuwa yanarudi nyuma na kuacha mchanga umelowa, na mama akageuza kichwa chote upande wa kulia.