Ugali wa Jumamosi

Tharsisi alifika nyumbani Jumanne badala ya Jumamosi, kwa sababu treni ilikwama Tabora, akakuta mdogo wake Winifrida ameshazikwa. Alisimama kaburini akiwa bado na vumbi la lori mwilini, akangoja machozi. Hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya.

Mwaka huo wa 1975 yeye ndiye mtoto pekee wa kijiji kile kipya cha upande wa Kasulu aliyefika Chuo Kikuu. Watu walimwita Daktari, ingawa alikuwa mwaka wa kwanza tu na hata sindano hajawahi kuishika. Alichosoma ni baiokemia ya mwanzo, yaani chakula kinageukaje kuwa nguvu ndani ya mwili, na alifaulu kwa kukariri. Ungemwamsha usingizini angekutajia hatua kumi za kuvunja sukari bila kuruka moja. Kasuku naye husema vizuri.

Mama yake, Immakulata, alimsimulia kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Jumamosi mchana mtoto alikula ugali wa muhogo akashiba. Kisha akaenda kwa jirani yao Niyonsaba, mwanamke mkimbizi aliyeingia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akapewa ndizi mbivu. Haukupita muda akaanza kutapika, akawa anahema kwa shida, na jua halijazama amekwisha.

Basi watu wakaishikilia ile ndizi. Lisemwalo lipo, walisema, na mgeni ndiye mwenye sumu siku zote. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Makarius, akaitisha mkutano Alhamisi ili iamuliwe kama Niyonsaba na wanawe watatu wahame.

"Mama, na wewe ulikula ule ugali?"

"Tonge mbili tu. Kichwa kikaniuma hadi jioni, nikasema ni jua."

Tharsisi alizunguka nyuma ya nyumba. Vipande vya muhogo vilivyobaki vilikuwa vimeanikwa kwenye jamvi. Muhogo uliolowekwa vizuri husagika kwa vidole. Hivi vilikuwa vigumu kama kuni. Akaonja kimoja, akatema. Uchungu mtupu.

Kule Heru Juu walikoishi kabla ya kuhamia hapa, kijito kilipita chini ya nyumba, na wanawake waliloweka muhogo mchungu siku nne bila kuharakishwa na mtu. Hapa maji yalikuwa mwendo wa saa nzima, wakaloweka kwenye madebe. Tharsisi aliujua ukurasa wenyewe: muhogo una sumu iliyofungwa, na una kimeng'enya, yaani kichocheo, chake wenyewe cha kuifungua, ukikaa majini siku za kutosha sumu hutoka ikaenda zake. Ukikatiza siku, inabaki. Ikiingia mwilini inazizuia seli kutumia hewa, mtu anakufa huku kifua chake kimejaa pumzi. Swali hilo alikuwa amepata alama tisa kwa kumi.

Alikusanya vipande vyote akavitupa chooni. Akisema, mama yake ndiye aliyemlisha mwanawe kifo. Akinyamaza, Niyonsaba anafukuzwa bure. Jumatano nzima alimfuata mama yake jikoni na shambani, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mwoga, na alijijua.

Alhamisi watu walijaa. Niyonsaba alikaa chini, wanawe wamembana huku na huku, mizigo yao imeshafungwa.

Tharsisi alinyanyuka. "Ndugu mwenyekiti, ndizi haina kosa. Ni muhogo."

"Muhogo tunakula tangu babu zetu, Daktari."

"Babu zetu waliuloweka siku nne, mzee. Sisi siku hizi tunauharakisha, na sumu yake inabaki ndani."

Alisema "sisi", akidhani neno hilo litawafunika watu wote, na mama yake ndani yake.

Immakulata aliinuka katikati ya wanawake.

"Nilipokuta jamvi tupu nilijua kuna jambo," alisema. "Mzee Makarius, mwache huyu mama akae. Niliuloweka mimi, usiku mmoja."

Mwenyekiti alimgeukia.

"Usiku mmoja, Immakulata? Wewe uliyewafundisha mabinti wote wa hapa?"

"Unga ulikuwa umekwisha ndani, na barua ya mwanangu ikafika Jumanne ya wiki iliyopita, inasema Jumamosi yuko hapa." Alikuwa anamtazama Niyonsaba, hakumtazama Tharsisi hata kidogo. "Nilitaka akute ugali. Tukangoja, tukangoja. Mchana ukapita, mtoto analia njaa, nikamwambia haya, kula wewe sehemu ya kaka yako."