Nilivyomuua Mzee Mwinshehe kwa Kidole Gumba

Jumamosi iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana, nilimuua Mzee Mwinshehe. Sikutumia kisu wala sumu, nilitumia kidole gumba cha mkono wa kulia, na kama kuna mtu mtaani kwetu Gongoni ambaye hajapata habari basi ni yule bibi wa nyumba ya pembeni asiyesikia, naye nadhani ameshaonyeshwa picha. Naandika aibu ikiwa bado mbichi, maana nikingoja ipoe nitaanza kujitetea, na mimi nikijitetea huwa nadanganya.

Naitwa Siwema, nipo kidato cha tatu, na nina haya za kupindukia. Mwalimu akiita jina langu naitika kwa kuinua kidole. Simu ikiita naitazama tu mpaka inyamaze yenyewe (hata akipiga mama), halafu ndipo naandika ujumbe kuuliza kulikoni. Kwa hiyo siku ya arobaini ya babu, watu walipojaa uani na mabinti wenzangu wakapewa kazi ya kukaribisha wageni, shangazi yangu Zaituni alinionea huruma akanipa simu yake. "Wewe usiyeongea," akasema, "piga picha, utupie kwenye grupu la ukoo."

Simu ya shangazi si simu ya mchezo. Shangazi anauza vitenge, na duka lake ni hiyo hiyo simu: anapiga picha kitenge, anakiweka kwenye stetasi, wateja wanaagiza, mzigo unapanda basi au treni. Wateja wake wametapakaa kwa kufuata barabara na reli, kuanzia Puge huko Nzega mpaka Tura. Mimi stetasi zangu huangaliwa na watu sita, mmoja wao ni mimi mwenyewe. Za shangazi huangaliwa na watu mia nne. Hilo lishikeni.

Sasa Mzee Mwinshehe. Ni Mzaramo, baba yake aliletwa Tura na kazi ya reli wakabaki huko huko, na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu tangu enzi za misafara, mababu zetu walipobeba pembe mpaka pwani wakapokewa na mababu zake. Na mtani msibani ndiye mwenye nyumba: anaficha mwiko, anamsema marehemu kwa ubahili wake, anakaa juu ya kinu, na huna ruhusa ya kukasirika. Siku tuliyomzika babu, Mzee Mwinshehe alimfanya bibi acheke katikati ya kilio, na bibi husema kama si kicheko kile asingemeza hata maji.

Lakini mzee mwenyewe ana donda lake, na sisi wa nyumbani wote tunalijua. Mwanaye wa pekee, Shomari, alioa huko Puge miaka sita iliyopita bila kumwambia. Mzee akapandwa na hasira akasema mbele za watu kwamba wataonana siku ya mazishi yake yeye baba. Neno likamtoka, na yeye ni mtu wa kusema neno ni neno. Bibi amembembeleza kila Idi, wapi. Ila kila akija kwetu na kukuta mtu anayetoka upande wa Nzega, humwuliza, "Mvua imenyesha huko Puge?" Akijibiwa husema alikuwa anauliza mvua tu.

Basi, hitima ikasomwa, pilau likaiva, na kabla sahani hazijapita mzee akatandika mkeka mbele ya mlango wa kijani wa babu, akalala chali, akajifunika shuka jeupe mpaka kidevuni, akajitia pamba puani, akafumba macho.

"Nimekufa," akatangaza. "Sifufuki mpaka niletewe kichwa cha mbuzi."

"Mzikeni upesi kabla hajanusa pilau," bibi akasema.

Sauti ikatoka chini ya pamba: "Nyie mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani kwa miguu, leo sahani moja tu imewashinda?"

Watu walicheka mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nami nikapiga picha. Ilitoka nzuri sana (nasema hivyo kwa uchungu): shuka, pamba, mlango wa kijani, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza safari. Kwenye picha hiyo hapakuwa na hata jino moja la mtu anayecheka.

Nilitakiwa kuitia kwenye grupu la ukoo tu. Lakini kidole kikasita, na hapo ndipo shetani wa watu wenye haya alipoingia, maana sisi wenye haya msidhani hatutaki kuonekana, tunataka sana, ila tuonekane wenyewe tukiwa tumejificha. Nikawaza: watu mia nne watacheka kwa kitu nilichotengeneza mimi, na hakuna atakayejua ni mimi. Nikaiweka kwenye stetasi ya shangazi, nikaandika chini yake: "Mzee Mwinshehe naye amemfuata babu. Gongoni tumebaki yatima." Kidole gumba, kwisha.

Mnielewe, sikuwa mjinga wa mambo haya. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa Uraia alikuwa ametupa insha ya faida na hasara za mitandao ya kijamii, nikapata kumi na saba kati ya ishirini. Niliandika kwamba mitandao huunganisha ndugu waliotengana (sikujua kwamba yaweza kuwaunganisha wote alasiri moja, tena wakilia). Niliandika pia kwamba hueneza habari za uongo, na mwalimu akanikata alama akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Toa mfano."

Dakika ya tano simu ikaanza kuita. Namba ngeni. Nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, jina likatokea: Shomari Puge Mteja. Hata moyo haukushtuka, nikajua anataka kitenge cha mkewe. Akapiga mara sita. Na mimi, badala ya kumpelekea shangazi simu hatua kumi tu, nikaona nitapita katikati ya wanaume waliokaa na wote wataniangalia, basi nikazima mlio nikaifukia chini ya mto wa kochi. Nikaenda kula pilau. Nalo nililila kwa raha, niseme ukweli.

Nilipochungulia tena saa kumi kasoro, simu ilikuwa ya moto kama pasi. Kulikuwa na mishumaa, maua, mikono iliyokunjwa. Kuna aliyeandika aya tatu jinsi mzee alivyomlea kama mwanawe (mzee nilipomwuliza kesho yake hamjui). Bwana mmoja anayetaka udiwani alikuwa ameichukua picha yangu, akaizungushia maua, akaandika kwamba tumepoteza hazina, na pembeni akaweka picha yake mwenyewe kubwa kuliko ya marehemu. Mteja mmoja wa kike aliandika: "Pole sana dada Zaituni, Mungu ampumzishe mzee wetu. Kile kitenge cha njano bado kipo?"

Nilitaka kuifuta. Nikaifuta kweli, lakini ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshafika mnadani. Wakati huo huo nikasikia kilio mlangoni.

Walikuwa kina mama wawili wa mtaa wa pili, wateja wa shangazi, wamejifunga kanga viunoni, wanaingia kwa kuomboleza. Bibi akajua wamechelewa msiba wa babu, akawapokea kwa upole, akawaambia jamani leo ni arobaini, basi yatosha. Wao wakasema hawalii wa arobaini, wanalia wa leo. Wa leo nani? Ndipo Mzee Mwinshehe akatokea nyuma ya nyumba na taya la mbuzi mkononi, pamba moja bado imening'inia puani, akawauliza mbona wanalia na chakula kimebaki tele. Mmoja alikaa chini pale pale. Wa pili alikimbia, na kandambili yake ya kushoto tunayo mpaka leo.

Hapo uani pakawa hapakaliki. Simu ya bibi nayo ikaita, jirani wa mzee kutoka Tura anauliza kwa adabu mwili unafika na treni ya saa ngapi, maana vijana wameshachimba mpaka kiunoni. Mzee akaomba simu. "Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi," akamwambia. "Zikeni mgomba." Upande wa pili simu ikakatika, nadhani ilidondoka.

Watu wakaanza kumgeukia shangazi. Kumbe ilikuwa stetasi ya Zaituni, Zaituni kwa kuuza vitenge haoni hata haya ya msiba, Zaituni ametafuta wateja kwa maiti. Shangazi alikuwa amesimama na sufuria, anaapa hajui lolote, anatazama huku na huku. Hakunitazama mimi. Hata hakunidhania, na hilo ndilo lililonichoma, maana ni nani angemdhania mtoto asiyeongea? Nikasogea nyuma ya pazia.

Ndipo pikipiki ikasimama nje, nyekundu kwa vumbi. Shomari alishuka akaingia moja kwa moja, hakusalimia mtu, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la uso, na nyuma yake mkewe, kakumbatia kuku na kapu la matobolwa (viazi vikavu) ya kuwapa wafiwa. Akafika mbele ya mlango wa kijani. Akamkuta baba yake ameketi, anafyonza mfupa.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliweka mfupa chini polepole. Shomari akamtazama, kisha akamtazama shangazi mwenye stetasi, na nikaona analipanga jambo kichwani, analipanga vibaya.

"Umeniliza njia nzima, baba," akasema. "Kutoka Puge. Ili watani zako wacheke."

Akageuka. Akamshika mkewe mkono, wakatoka, nikasikia anapiga kiki pikipiki. Mzee aliyezungumza akiwa maiti, sasa yu hai hana neno. Nami nikajua kwamba pikipiki ile ikiondoka haitarudi, hata siku mzee atakapokufa kweli Shomari na mkewe hawatamwamini mtu, na kosa litakuwa la kidole changu.

Nikatoka nyuma ya pazia. "Ni mimi," nikasema. Haikusikika, injini ilikuwa inaunguruma. Nikakimbia mpaka mlangoni, nikavuta pumzi zote nilizozibana tangu darasa la kwanza, nikapiga kelele, "Ni mimi niliyeandika! Mzee hakujua, shangazi hakujua, ulipiga mara sita nikaogopa kupokea!"

Mtaa mzima uliganda. Muuza maandazi aliacha maandazi yakaungua. Sijawahi kutazamwa na macho mengi hivyo na natumaini sitatazamwa tena, nilikuwa nalia kamasi, gauni lina pilau, na bado nikamalizia kwa kusema, "Shikamoo kaka Shomari," kwa sababu nilikumbuka sijamsalimia.

Mzee Mwinshehe alikuja nyuma yangu. Akaichomoa ile pamba.

"Nilisema tutaonana siku ya mazishi yangu," akasema. "Kaburi limechimbwa Tura. Waombolezaji wamekuja. Hata mheshimiwa wa udiwani kaniandika. Kimebaki nini?"

Shomari alibaki juu ya pikipiki, mguu mmoja chini.

Mzee akajikuna kidevu. "Mvua imenyesha huko Puge?"

Injini ilikaa ikiunguruma kidogo. Kisha ikazimwa.

"Imenyesha, baba. Si haba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mikono kumpokea mkwewe lile kapu, akala tobolwa la msiba wake mwenyewe hapo hapo wamesimama, akasema kwa kweli huyu binti anajua kukausha viazi. Bibi ndiye aliyeanza kulia, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Msidhani nilisamehewa. Mtani hasamehi bure, hutoza faini, na mzee alitoza yangu mbele ya kadamnasi: kesho yake asubuhi nizipigie namba zote kumi na nne ambazo sikuzipokea. Si kuandika, kupiga, kwa mdomo wangu. Shangazi akaongeza kwamba nitapigia karibu yake, asikie.

Jumapili saa mbili asubuhi nilikaa barazani, mzee na Shomari wakinywa uji pembeni yangu, nikapiga ya kwanza. "Shikamoo, naitwa Siwema, ndiye niliyemuua Mzee Mwinshehe, anakusalimu." Ya kwanza ilikuwa kama kumeza mwiba. Ya tano nilishaacha kufumba macho nikiongea. Ya tisa mtu wa Tura akaniuliza mgomba wameshauzika, je waumwagilie, na mzee akajibu kwa sauti kutoka kwenye kikombe chake.

Katikati ya simu hizo niliomba ruhusa (niliomba, andikeni hilo) nikawapiga picha baba na mwana, na safari hii nikarudi nyuma mpaka bibi na watu wote waliokuwa wanacheka wakaingia. Hiyo ndiyo nadhiri yangu: sitatuma tena mzaha ambao wachekaji wake nimewaacha nje ya picha. Shangazi mwenyewe akaiweka kwenye stetasi, "Mzee Mwinshehe yu hai." Kufa kwake kuliangaliwa na watu mia nne na kumi na wawili. Kufufuka, mpaka nazimaliza zile simu, watu kumi na tisa.

Namba ya kumi na nne ilikuwa ya yule mteja wa kike. Nikajitambulisha, nikakiri, nikaeleza kila kitu kwa urefu, kaburi, mgomba na pikipiki. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na kile cha njano?"

Nikamwambia kipo.