Paa Likavuja

Fundi Rangi alianza kuchora mabango ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Alichora kichwa cha kinyozi, kiatu cha fundi viatu, jino la daktari kubwa kama gunia. Vyote mvua ilivifuta, jua likamalizia. Ndiyo maana Bi Mwalimu, mstaafu wa mtaa wa nyuma, alipomwomba amchoree kitabu cha hadithi cha watoto, Fundi alikosa usingizi. Kitabu hukaa ndani. Safari hii angeacha kitu kisicholowa.

Bi Mwalimu alimpa maneno, kila ukurasa na karatasi yake. Fundi akamchora Sungura, akamchora Kobe mwenye mwavuli, mambo yakaenda. Kisha akafika hapa: "Sungura akapanda juu ya paa. Paa likavuja."

Akasoma, akarudia, akamwita mkewe.

"Paa si yule mnyama mwenye pembe?"

"Kuna mwingine?" mkewe akajibu, mikono imejaa unga.

"Mbona wameandika 'li'?"

"Wamemkuza. Mtu akizidi si jitu? Basi hilo ni paa la haja."

"Na kuvuja?"

"Mwenzangu, kobe ana mwavuli, wewe unauliza kuvuja."

Fundi akachora. Paa mkubwa kama lori, macho ya upole, Sungura mgongoni, na nyuma ya kwato, dimbwi. Hakuwa amewahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Bi Mwalimu alipokuja aliutazama ukurasa ule, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Dimbwi lilikuwa palepale.

"Fundi. Hili ni paa la nyumba."

"La nyumba."

"La mabati."

Fundi akatafakari. "Basi nimemsingizia bure huyu mnyama."

"Wachapaji wananisubiri. Nina mpwa wangu anachora kwa kompyuta. Labda nimpe yeye kazi yote."

Fundi akamvutia kiti. Akamwomba anywe chai kwanza. Chai ikiwa bado ya moto, akashika brashi, akachora nyumba chini ya kwato za paa: mabati, ukuta, dirisha. Kutoka kwenye dimbwi akateremsha matone hadi kitandani, na kitandani akamlaza Kobe, mwavuli umefunguliwa.

"Sasa Sungura yuko juu ya paa," akasema, "na paa yuko juu ya paa. Linalovuja ni hilo la chini."

"Na maji yametoka wapi?"

"Mwalimu, mvua inanyesha." Akaongeza mawingu.

Bi Mwalimu akakohoa kikohozi ambacho asiyemjua angedhani ni kicheko. Akakusanya michoro yote, akaaga. Mpwa hakutajwa tena.

Kitabu kilipotoka, Fundi alikiweka juu ya kabati, akarudi nyuma hatua chache kukitazama, kama afanyavyo kwa mabango.

"Hicho nacho mvua itakifuta?" mkewe akauliza.

"Hakilowi. Kiko ndani."

Mkewe akainua macho juu.

"Sogeza kabati huku, baba. Hapo panavuja."