Nani Aliyesogeza Kitufe cha Trebo

Spika za Baba zina sauti kali tangu zilipokuwa mpya. Neno lenye "s" likiimbwa, hutoka kama maji yaliyodondokea kikaango cha moto. Amplifaya yake ya zamani ilizituliza kwa miaka mingi, mpaka radi ilipoiunguza wakati wa masika, nami nikapewa jukumu la kutafuta nyingine. Nilijua kanuni moja: spika kali haziunganishwi na amplifaya kali. Ukikosea hapo, nyumba nzima inaumwa masikio.

Halikuwa suala la burudani. Baba ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, Nyaishozi. Mazoezi ya Jumamosi hurekodiwa kwa simu, kisha yeye huyasikiliza sebuleni akitafuta makosa. Mashindano yalipokaribia, alikuwa amepata kosa lililomkasirisha: waimbaji wa sauti ya kwanza walimeza miisho ya maneno. Kiongozi wao ni dada yangu. Baba alimwambia mbele ya wote kwamba asipojirekebisha, nafasi yake atapewa mwingine.

Huko Rubwera, ninakofanya kazi, nilimpelekea muuzaji wa amplifaya spika moja, nimeipakata kwenye bodaboda. Sikutaka kununua kwa maneno.

"Hii ni mpole," alisema, akiiunganisha spika na amplifaya moja. "Hata mtoto mchanga analala."

Nilisikiliza kwa makini. Kweli ilikuwa mpole. Niliinunua, hata hivyo sikumwamini, kwa sababu alitabasamu kabla sijamuuliza lolote.

Nyumbani nilikiweka katikati kitufe cha trebo, kile kinachoongeza ukali wa sauti nyembamba. Baba bado hutandaza nyasi sakafuni kama walivyofanya wazee wetu, nazo nyasi hufifisha mwangwi. Muziki ulitoka laini. Baba alisikiliza, akasema tu, "Haya."

Niliporudi wiki iliyofuata, sebule ililia kama bati linalokwaruzwa. Dada alikuwa akimenya ndizi uani, pamba masikioni. Nikaamini mara moja kwamba nimeuziwa mashine iliyochoka ndani, inayotulia siku ya kwanza tu. Niliifunga, nikairudisha dukani nikiwa na hotuba nzima kichwani kuhusu uaminifu katika biashara.

Muuzaji hakuisikiliza hotuba. Aliinama, akatazama vitufe.

"Msomi, trebo imejazwa mpaka mwisho. Nani anaigusa kwenu?"

"Hakuna."

"Basi mnaishi na jini mpenda muziki."

Akairudisha katikati, na upole ukarudi. Niliondoka bila kumwomba radhi. Shaka yangu ilikuwa imehamia kwa mtu mwingine tu. Nani angefaidika iwapo rekodi zile zingekuwa hazivumiliki? Nilimuuliza Dada.

"Mimi?" akaacha kisu. "Naikimbia mpaka jikoni, halafu niiongeze mwenyewe? Kaka, chuoni mlifundishwa kilimo au kupeleleza ndugu zenu?"

Nilicheka, lakini sikuridhika. Nilihakikisha trebo ingali katikati, nikachomoa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kufuma kinachofunika amplifaya, nikaulaza juu ya kitufe. Ni jambo la aibu kuitegea familia yako mtego. Nilijiambia kwamba ukweli una haki yake.

Jumapili, baada ya ibada, nilikaa barazani nikigeuza buni zilizoanikwa, dirisha la sebule likiwa wazi. Baba aliingia peke yake. Aliinua kitambaa, akazungusha kitufe mpaka mwisho, uzi ukaanguka. Kisha akasogeza sikio karibu na spika, karibu kuigusa, na kurudia kipande kilekile cha sauti ya kwanza, tena na tena, huku midomo yake ikifuata maneno.

Niliingia. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Hawa mabinti ni wavivu. Na rekodi zenyewe mbovu."

Nilikirudisha kitufe katikati, wimbo ukiendelea. Baba akakunja uso.

"Mbona umezima kayamba?"

Kayamba zilikuwa zikilia. Zilijaa chumba kizima, shaa-shaa-shaa, kama mvua ya mbali. Dada alikuwa amefika mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na pamba.

"Zinalia, Baba," alisema taratibu.

Baba alimtazama yeye, kisha mimi, kama mtu anayekagua iwapo wawili wamepatana kumdanganya. Nilimwelewa. Ndivyo nilivyokuwa nimewatazama watu wote wa habari hii. Niliandaa maneno kuhusu hospitali na vipimo vya masikio, lakini alininyamazisha kwa mkono.

"Miisho ya maneno je?" akamuuliza Dada. "Mnaitamka?"

"Tunaitamka."

"Kila mmoja?"

"Mama mmoja tu anachelewa. Wengine wote wanaitamka."

Jumamosi iliyofuata Baba hakumwondoa Dada. Alimwita, akamtoa katika safu ya mbele, akamsimamisha ubavuni pake. Kila wimbo ulipokwisha, aliinama kidogo upande wake na kuuliza, "Wamemeza?" Dada alijibu, naye Baba akamkazia macho kwa muda kabla ya kuigeukia kwaya na kutamka uamuzi.

Trebo imebaki katikati. Kila nikifika nyumbani, bado nakiinua kitambaa na kutazama.