Samaki Niliyemwita Perege

Nakumbuka siku moja, Jumapili mchana, nimekaa kwa jirani yangu aliyerudi kutoka msiba wa mama yake. Mkono wangu umo kwenye sombe, kisamvu cha Wakongo, aliyonipikia, na mdomo wangu unamwambia uongo. Nianzie hapo, mwanangu, maana nikianzia mbali nitajipamba. Wazee tuna ugonjwa huo, tunasimulia makosa yetu mpaka yanafanana na sifa. Hili halifanani na sifa hata ulivalishe suti, na mimi kushona suti ndiyo kazi yangu.

Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko dirishani, chumba cha mbele, hapa Rosettenville, huku Kusini mwa Afrika, kwenye ua tunaoishi familia kadhaa. Wenzangu Jumamosi wanapanda taxi kwenda Newtown kutazama ngoma na kula nyama choma. Mimi nabaki na birika langu la chai, napinda suruali za hao wanaotoka. Usinicheke. Wewe unayesoma haya umejilaza kitandani saa tano asubuhi hunizidi kwa matembezi.

Sasa, kwa kuwa nimetoka Tanga, watu wa ua huu waliamua kwamba mimi ni mjuzi wa samaki. Wakongo, Warundi, hata mama mwenye spaza, kile kiduka cha nyumbani, pale kona. Papa Tanga, huyu samaki ni mbichi kweli? Papa Tanga, pweza anachemshwa dakika ngapi? Sikuwakatalia. Ukweli ni kwamba huko Tanga nilikuwa mtoto wa kukaa barazani. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano mama alinituma sokoni nikanunue nguru, nikarudi kifua mbele na samaki aliyekwisha kuanza kunuka. Mama, Mungu amrehemu, alinitazama mbele ya shangazi zangu wote akasema, "Wewe mwanangu, samaki unamjua akishakaangwa." Shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikanuna wiki nzima. Badala ya kulichukua lile neno, nililiacha Tanga, nikahamia huku na kifua changu kilekile.

Basi nilikuwa na tangi la kioo la samaki, kubwa kiasi, limekaa juu ya kabati karibu na cherehani. Kwa mtu asiyetoka, tangi ni kama televisheni, ila halina kelele. Nilikuwa na visamaki vinne vya rangi. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kireno anayependa kuvua kwenye mabwawa nje ya mji, aliniletea kwenye ndoo samaki mdogo, urefu wa kidole, kijani mgongoni, na mstari mweusi ubavuni. Akaniambia jina lake ni besi, kwamba akikua mdomo wake huwa mpana kuliko akili yako, na kwamba nisimweke na chochote kidogo kuliko yeye. Aliniambia waziwazi, mwanangu, kwa Kiingereza chepesi, na akarudia. Nami nikatikisa kichwa kama daktari anayeelezwa habari za malaria.

Alipotoka tu nikautangazia ua mzima kwamba nimepata perege.

Perege ninayemjua mimi ni mpole, anakula majani na makombo. Huyu hakutaka majani. Hakutaka mkate. Alitaka minyoo, tena inayocheza. Nikasema ni perege mwenye madaha. Visamaki vyangu vinne vikaanza kupotea kimoja kimoja. Nikavitafuta kwenye mawe, nyuma ya pampu ya hewa, siku moja hata chini ya kabati, eti labda viliruka. Nilimuuliza mama mwenye spaza kama paka wake huwa anaingia kwangu. Paka wa watu nikamwita mwizi, na mwizi mwenyewe nikamwongezea minyoo.

Nisikufiche, nilimpenda. Nilipokaa kwenye cherehani alikuja upande wangu wa kioo, akasimama hapo ananitazama, mapezi yakienda polepole. Miezi ikapita, akawa mrefu zaidi ya shubiri. Mtu anayekaa peke yake akitazamwa hivyo hujiona ana rafiki. Sikuwaza kwamba ananitazama kwa sababu mimi ndiye mwenye kopo la minyoo.

Mama Solange anakaa mlango wa pili kutoka kwangu. Ni msusi, ametoka Uvira, na binti yake Solange ameolewa Durban. Mume wake alikuwa mlinzi wa jengo kule Hillbrow, akafariki. Miezi michache kabla ya kufa alimletea mkewe samaki mmoja wa rangi ya machungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akampa jina Patron, yaani bosi, kwa sababu, alisema, hafanyi kazi yoyote na wa kwanza kula ni yeye. Baada ya mazishi nguo za marehemu ziligawanywa kwa ndugu, redio ikaenda, viatu vikaenda. Patron akabaki, kwenye bakuli la kioo juu ya friji. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha mumewe kinachopumua.

Habari ya kifo cha mama yake ilimfikia asubuhi moja, akawa anafunga mizigo huku analia. Akaja kwangu na Patron kwenye ndoo ndogo.

"Papa Tanga, minaenda. Nitakuachia Patron, weye mutu wa samaki. Nikiacha kwa nyumba itakufa na njaa."

Kisha akainama kwenye tangi langu, akatazama. Uvira iko kando ya ziwa, mwanangu. Wale wamekua na samaki kweli, si kama mimi.

"Hii yako ni samaki gani?"

"Perege, mama. Nyinyi mnaita tilapia."

"Tilapia? Na mudomo hii yote?"

"Za huku Kusini ndivyo zilivyo."

"Haiumi?"

"Anakula majani, mama. Nenda kazike kwa amani."

Mtu anakwenda kumzika mama yake, nami nashindwa kusema neno moja dogo: sijui. Lingetosha hilo. Angempeleka Patron kwa mama wa spaza, angekaa kwenye bakuli lake, na leo ningekuwa nakuandikia habari za kupinda suruali.

Siku ileile nilimmimina Patron tangini. Asubuhi ya pili, baada ya swala, nilivuta pazia. Kwenye tangi kulikuwa na besi peke yake, na mdomoni mwake kilichomoza kipande cha mkia wa rangi ya machungwa. Alikuja upande wangu wa kioo kama kawaida yake, akasimama hapo ananitazama. Mkia ule ulikuwa bado unatikisika kwa maji ya pampu. Niliweka kikombe cha chai chini. Sikufanya lolote. Halikuwapo la kufanya, na hata lingekuwapo nisingelijua.

Wiki tatu nilitunga uongo jinsi ninavyokata kitambaa, napima, nachora chaki, nafuta. Nikachagua ule ambao hapa mjini hakuna asiyeuamini: umeme. Kwamba umeme ulikatika siku mbili, pampu ikazima, Patron akakosa hewa. Aliporudi alipika sombe na ndagala, dagaa wa ziwa la kwao, akaniita nile kwa sababu nilimlindia nyumba. Nikala sahani mbili. Nikamwambia. Hakulia. Aliuliza tu nilimtupa wapi. Nami, kwa kuwa uongo ukishaanza huwa na ukarimu wake, nikasema sikumtupa, nilimzika chini ya mlimau wa uani.

"Ulimuzika?"

"Nilimzika, mama."

Akaniongezea sombe.

Sasa dirisha langu linatazama mlimau. Kesho yake nilikuwa nashona pazia la mteja, nikamwona Mama Solange anatoka na kiti cha plastiki, anakikalisha chini ya ule mti. Akakaa. Alikuwa amevaa kitenge cheusi cha msiba. Akasafisha majani makavu kwa mkono, akaweka jiwe dogo jeupe, akakaa tena. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu hivyo, na nyuma yangu besi anapiga maji anataka minyoo yake. Pazia lile nililishona upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mteja alilirudisha, na ilikuwa haki yake.

Siku ya nne akapita dirishani kwangu na kiti chake. Akasimama.

"Papa Tanga, mama yangu nilikuta wamekwisha kumuzika. Ndege ilichelewa, barabara mbaya. Sikutia hata udongo kidogo. Patron, angalau, weye ulinizikia muzuri. Aksanti sana."

Mwanangu, nimetukanwa maishani mwangu. Nimetukanwa na wateja, na madereva wa taxi, na mama mwenye paka. Hakuna tusi lililoniingia kama ile aksanti. Nilisimama mpaka kiti changu kikaanguka. Nilitaka kusema polepole kwa utaratibu, nikashindwa, nikamshika mkono wa kitenge nikamwingiza ndani, nikamsimamisha mbele ya tangi. Nikasema si perege. Nikasema jina lake, na kwamba mzee Mreno alinionya. Nikasema chini ya mlimau hamna kitu. Nikasema mkia niliuona.

Alimtazama besi muda mrefu. Besi naye akamtazama, akidhani kaletewa chakula. Nilingoja anizabe kofi, na kwa kweli ningefurahi. Hakunigusa. Aliniambia maneno machache, nitakupa mwishoni, akatoka. Kiti chake cha plastiki kilibaki chini ya dirisha langu. Sikuthubutu kukigusa, kikanyeshewa siku mbili mpaka alipokuja kukichukua bila kunisalimu.

Besi nilimrudishia mzee Mreno kwenye ndoo ileile. Hakusema "nilikwambia", aliutazama tu mwili wa samaki yule, kisha akanitazama mimi. Tangi bado lipo juu ya kabati, kavu, natilia nyuzi zangu. Mama Solange sasa huleta nguo za kupinda, anaonyesha kwa kidole, anasema "hapa" na "hapa", anaondoka. Nikipita mlangoni kwake ananijibu salamu. Jina la Papa Tanga halitamki tena. Ananiita fundi, na fundi ndilo jina langu la haki.

Nasaha yangu basi, maana najua umeshaanza kutazama zimebaki kurasa ngapi. Watu wakikuvika ujuzi usiokuwa wako, uvue siku hiyohiyo, hata ukibaki uchi mbele ya shangazi zako. Ukiachiwa kitu cha mtu, uliza kwanza kama unakiweza, na ukionywa na ajuaye, sikia mara ya kwanza. Na ukiharibu, kwa sababu utaharibu, wewe si bora kuliko mimi, sema ukweli kabla hujakaa kwenye kiti cha uliyemkosea na kabla hujanawa mkono wa kula chakula chake. Kosa langu la kwanza lilikuwa ujinga, ningesamehewa na mtoto mdogo. La pili nililikata mwenyewe kwa mkasi wangu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui. Akupe nyumba ya kukaa na sababu za kutoka humo. Watu wakuachie vitu vyao bila hofu, uvirudishe vikiwa vizima, na ukikosea usikose jirani wa kukwambia usoni, kama Mama Solange alivyoniambia mimi mbele ya tangi lile:

"Hii samaki ilikula Patron sababu ilikuwa na njaa. Weye ulinidanganya ukiwa umeshiba."