Wasikilizaji wa Visomo Vyetu

Wasomaji wangu, mwezi uliopita nilimshukuru Mungu mbele ya watu kwa kosa langu mwenyewe.

Tovuti ya msikiti wetu mdogo hapa Thamesmead ina visomo vya Kurani vya wanafunzi wangu. Zuhura, binti anayeiendesha, alituambia kikaoni kwamba visomo vinasikilizwa mno, na data tunayolipia inakwisha katikati ya mwezi. Ama tuhamie kampuni ya bei kubwa zaidi, ama tuviondoe vyote.

Nikasimama. "Alhamdulillahi, neno la Mungu linaenea. Tusiviondoe, jamaa, tuchangeni. Nani ajuaye wanaosikiliza ni wangapi?"

Mzee Salim, jirani yangu, akafuta machozi.

"Nimeangalia, Maalim," Zuhura akasema taratibu. "Karibu data yote inakwenda kwenye intaneti ya nyumba moja, mchana na usiku, haipumziki."

"Mashaallah. Ni nani huyo mcha Mungu?"

Akainamisha macho. "Maalim, ukitoka nyumbani huwa unazima kompyuta?"

Sizimi. Tangu mke wangu afariki, naiacha ikisoma visomo hivyo sebuleni ili nyumba isikose baraka, kama yeye alivyokuwa akiiacha redio kaseti.

Mzee Salim ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe nimelilia sebule yako!"

Zuhura hakucheka. "Visomo vitabaki, Maalim. Kesho nakuja kukuwekea vyote ndani ya kompyuta yako, visipite tena kwenye tovuti."

Nikamshukuru Mungu mara ya pili, safari hii nikiwa nimekaa.